TUPIME KELELE ZA KOMPYUTA KABLA YA KULAUMIANA

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa wafanya kazi huko Ekerenyo. Tunayapiga chapa kwa kuwa watu wengi waliomba kuyapata.)



Nimesikia wengine wakicheka huko nyuma: mtu wa reli atasema nini Ekerenyo, mahali ambapo hata filimbi ya gari la moshi haisikiki? Ni kweli. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, na mpaka leo haijapanda milima yetu hii ya majani chai. Lakini kompyuta imepanda. Iko katika ofisi za serikali, iko shuleni, iko zahanati, iko duka la dawa, iko kwa yule kijana anayetupigia chapa barua zetu hapa sokoni. Kwa hiyo jambo lililonipata mimi kwenye reli laweza kumpata karani, mwalimu au muuguzi yeyote aliyeketi hapa.

Kwanza nijieleze, msije mkanidhania kuwa mtaalamu. Mimi si injinia. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, karo ya kuendelea ikakosekana, nikaandikwa kazi ya kibarua. Mengine niliyajua kwa kuwabebea mafundi vyombo vyao na kuwauliza maswali mpaka wakachoka. Nikikosea neno la kitaalamu, mwenye kujua na anisahihishe.

Nililokuja kusema ni jambo moja. Kompyuta hutoa kelele ya umeme isiyosikika kwa sikio. Kelele hiyo yaweza kupimwa, hata na mtu wa darasa la nane. Mfanya kazi asiyepima atapatwa na moja katika mabaya mawili: ama atalaumiwa kwa kosa la mashine, ama ataogopa mashine isiyo na kosa.

BARUA YA ONYO

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika stesheni moja ndogo. Sitaitaja kwa jina, wala sitamtaja mwajiri, maana sikuja hapa kugombana na mtu. Katika ofisi ya stesheni masta palikuwa na meza moja tu, na juu yake simu ya upepo, yaani ile redio ya kuzungumza na kontrola anayeongoza magari ya moshi njiani. Siku moja ikaletwa kompyuta. Hapakuwa na meza nyingine, basi ikawekwa kando ya simu ile. Sote tulifurahi, kwa sababu karani aliacha kuandika vitabu vitatu kwa mkono kila siku.

Hazikupita wiki mbili. Usiku mmoja kontrola aliita stesheni yetu mara tatu, asijibiwe. Gari la mizigo likasimama nje ya signali kwa dakika 40. Asubuhi mwenzetu aliyekuwa zamu akapewa barua ya onyo, imeandikwa kwamba alilala kazini. Yeye akajibu, "Sikulala. Nilikuwa nimeketi papa hapa. Nilichosikia kwenye simu ni mngurumo tu, mimi nikadhani ni mvua na radi za mbali." Mkubwa akamwambia kwamba simu ilikaguliwa na ni nzima, kompyuta ni mpya na ni nzima, kwa hiyo mwenye kosa ni mtu.

Sikilizeni hesabu hiyo, ndugu zangu. Mashine mbili nzima, na mtu mmoja mbovu. Hesabu ya namna hiyo hufanywa kila siku mahali pa kazi, na mfanya kazi hana la kujibu kwa sababu hana kipimo. Mwenzetu yule alikuwa karibu kupandishwa cheo, tena ana watoto wanne shuleni. Barua moja ya onyo katika faili ilitosha kumfungia njia.

Tena fikirini jambo lililo kubwa kuliko cheo. Usiku ule gari lilisimama nje, likangoja, na hapakuwa na madhara. Lakini simu ile ndiyo inayoleta amri za gari lipi lipite na lipi lingoje. Simu isiyosikika kwenye reli si usumbufu tu. Ni hatari kwa roho za watu.

KELELE HII YATOKA WAPI?

Ndani ya kompyuta kuna mapigo ya umeme yanayowashwa na kuzimwa bila kupumzika, mamilioni kwa kila sekunde, na katika kompyuta za siku hizi maelfu ya mamilioni. Tena kuna kile kifaa cha kugeuza stima ya ukutani, volti 240, iwe stima ndogo ya kufaa mashine. Wengi wetu twakiita chaja au adapta. Kifaa hicho hufanya kazi kwa kuikata stima vipande vipande, makumi ya maelfu kwa sekunde. Kila mara umeme unapokatwa na kuachiliwa kwa ghafula, hutoka mawimbi, sawa na maji yanapopigwa kofi.

Mawimbi hayo hutoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni waya wa stima wenyewe. Kelele hurudi ukutani na kuingia katika mashine nyingine zilizoshikana na stima ile ile. Njia ya pili ni hewani, na hapo kila waya hugeuka kuwa eriali. Wimbi la redio la megahezi 100, ambalo liko katikati ya stesheni za FM, lina urefu wa mita 3. Waya wenye robo ya urefu huo, yaani sentimita 75, hulirusha vizuri sana. Nendeni mtazame waya zilizo nyuma ya kompyuta zenu. Nyingi zina urefu kama huo au mara mbili yake. Mtengenezaji hakukusudia eriali, lakini eriali ipo.

Jambo hili si geni. Mwaka wa 1975, huko California katika nchi ya Marekani, mtu mmoja aitwaye Steve Dompier aliweka redio ndogo karibu na kompyuta yake, ile iitwayo Altair 8800. Kompyuta hiyo haikuwa na spika wala kioo. Aliipangia kazi za hesabu kwa utaratibu maalumu, na redio ikaimba wimbo mbele ya wenzake wa chama cha wapenda kompyuta. Hakuna aliyeimba ila kelele ya mashine yenyewe. Na mwaka wa 1985 Mdachi mmoja, Wim van Eck, alionyesha ya kwamba maneno yaliyo kwenye kioo cha kompyuta yaweza kusomwa kutoka mbali kwa kuyanasa mawimbi yake. Basi asije mtu akatuambia kwamba mashine mpya haitoi kitu.

JINSI TULIVYOPIMA

Mwenzetu alipopata barua, tulikaa watu watatu tukasema: tusibishane kwa maneno, tupime. Vyombo vyetu vilikuwa vinne: daftari la shule, tepu ya fundi seremala, simu ya stesheni yenyewe, na redio ya zamani ya mzee wangu niliyoitoa hapa Ekerenyo, yenye mawimbi ya kati na FM.

Tulijiwekea sheria tatu, nami naomba mzishike.

Sheria ya kwanza: pima kila kitu kikiwa kimezimwa. Kila mahali pana kelele yake. Kuna waya za stima za nje, kuna taa, kuna radi. Usipojua kelele ya mahali penyewe, utaisingizia kompyuta yale yasiyo yake.

Sheria ya pili: badili kitu kimoja tu kwa wakati. Ukizima kompyuta, taa na printa kwa pamoja, kelele ikaisha, hujajifunza neno.

Sheria ya tatu: rudia, uandike papo hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kipimo ni vivyo hivyo. Kilichopimwa mara moja na kukumbukwa kichwani hakisimami mbele ya mkubwa.

Kwanza tulitumia redio ya mzee. Tuliiweka kwenye mawimbi ya kati, mahali pasipo na stesheni, tukasikia mvumo mdogo tu. Tulipowasha kompyuta na kuisogeza redio karibu, redio ikanguruma kama obokano ambayo uzi wake mnene umelegea. Tukapima kwa tepu: sentimita 30, mita moja, mita mbili, mita tatu. Kadiri tulivyokwenda mbali mngurumo ulipungua, na ulipungua upesi sana. Lakini tulipopeleka redio kandokando ya ukuta, kuufuata waya wa stima, mngurumo ulitufuata mpaka mlangoni. Hapo tukajua kwamba kelele ilikuwa ikisafiri katika waya.

Lakini redio ya mzee haipokei mawimbi ya simu ya reli, kwa hiyo haikutosha kuwa shahidi. Tukapima simu yenyewe. Tuliomba ruhusa kwa kontrola, akatupa saa ambazo hapakuwa na gari njiani. Mwenzetu wa stesheni ya jirani akatusomea tarakimu kumi, nasi tukaandika zile tulizosikia. Hatukumwambia asome moja, mbili, tatu, kwa maana sikio hujaza lenyewe lile lisilolisikia. Alisoma tarakimu zilizochanganywa, na kila mara mpya.

Tulifanya hivyo usiku tatu. Kompyuta ikiwa imezimwa, tulisikia tarakimu 9 au 10 katika kumi. Ikiwa imewashwa, tulisikia 3 au 4. Tukaanza kuondoa kitu kimoja kimoja. Tukang'oa printa: hakuna mabadiliko. Tukang'oa kibodi: hakuna. Tukang'oa chaja ya kioo, na kompyuta yenyewe ikabaki inawaka: tarakimu 9.

Basi mwenye kosa hakuwa kompyuta. Ilikuwa ile chaja ya kioo. Ya asili iliharibika, ikanunuliwa nyingine ya bei rahisi. Na tena kulikuwa na jambo la pili. Aliyepanga meza alitaka ipendeze, akafunga waya zote fungu moja, na katika fungu hilo waya wa chaja ulikuwa umelala sambamba na waya wa eriali ya simu. Tulipozitenganisha, tukasogeza chaja mita mbili, tarakimu zilisikika zote hata kioo kikiwa kinawaka.

Katibu wa tawi alilichukua daftari letu akalipeleka ofisini. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hizi ni usiku tatu za vipimo. Leteni fundi wenu apime yake." Fundi akaja na mashine ya kuonyesha mawimbi kwenye kioo, na kwa muda usiozidi saa moja akaona yale yale. Chaja ikabadilishwa, waya zikatenganishwa, na kwenye waya wa stima ikavikwa ile pete nyeusi ya feraiti ambayo humeza mawimbi. Pete yenyewe ni kitu kidogo, yaingia kiganjani.

Barua ya onyo ilitolewa katika faili baada ya miezi minne. Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yote yalitengenea. Kile cheo kilikwisha kupewa mtu mwingine, na mwenzetu hajakipata mpaka leo. Kama tungalipima wiki ile kompyuta ilipowekwa mezani, barua isingeandikwa kabisa.

VIPIMO VYA WATAALAMU

Huenda mtu akauliza: je, mashine hizi hazipimwi kabla ya kuuzwa? Hupimwa. Iko kamati ya dunia iitwayo CISPR, iliyoanza kazi yake mwaka wa 1934, wakati mota na mitambo ya umeme ilipokuwa ikiharibu usikivu wa redio. Marekani ilitunga sheria kwa ajili ya kompyuta mwaka wa 1979. CISPR ikatoa kanuni yake ya kompyuta mwaka wa 1985, iitwayo CISPR 22, na mwaka wa 2012 ikatoa CISPR 32 iliyokuja kuchukua mahali pake.

Vipimo hivyo hufanywa hivi. Mashine huwekwa juu ya meza isiyo ya chuma, yenye kimo cha sentimita 80, nayo meza huzungushwa pande zote. Eriali ya kupimia husimama mita 10 mbali, ikipandishwa na kushushwa kati ya mita 1 na mita 4, mara imesimama, mara imelala, ili kelele isipate mahali pa kujificha. Kisha hupimwa kelele inayorudi katika waya wa stima, kuanzia kilohezi 150 mpaka megahezi 30.

Mashine ziko za daraja mbili. Daraja B ni ya nyumbani, na daraja A ni ya viwandani na mahali pa biashara. Kati ya megahezi 30 na 230, ukisimama mita 10, daraja B haipasi kupita desibeli 30, yaani sehemu kama 32 hivi za volti iliyogawanywa mara milioni moja, kwa kila mita. Daraja A yaruhusiwa desibeli 40, yaani sehemu 100. Mwaona jinsi kiasi hicho kilivyo kidogo. Sababu yake ni kwamba hakikuwekwa kwa ajili ya kuukinga mwili wa mtu. Kiliwekwa kulinda sikio la redio, ambalo husikia vitu vidogo mno.

Basi kwa nini cheti cha kiwandani kisitutoshe? Kwanza, mashine ilipimwa na waya zake na chaja yake, bali sisi hubadilisha chaja. Pili, ilipimwa mita 10 mbali, bali sisi huweka simu kando yake, sentimita 30. Tatu, kiwandani ilipimwa kwa mpangilio mmoja uliochaguliwa, bali ofisini ziko mashine nyingi, kila moja na kelele yake, na waya zake zimefungwa vyovyote. Cheti ni kizuri, lakini hakijui meza yako.

Katika Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayosimamia mawimbi ya redio, na ndiyo inayopokea malalamiko ya mtu ambaye mawimbi yake yanaingiliwa. Lakini malalamiko yasiyo na tarehe, saa na mahali ni kazi ngumu kwa fundi yeyote. Daftari lako humwonyesha aanzie wapi.

JE, YADHURU MWILI?

Hapa akina mama wameniuliza hata kabla sijasimama. Wamesikia kwamba kompyuta huharibu mimba. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini mambo mengine husemwa kwa sababu hayajapimwa.

Hofu hiyo si ya jana. Mwaka wa 1980 ilienea habari kutoka Toronto, nchi ya Kanada, ya kwamba wanawake wanne wa ofisi moja waliofanya kazi kwenye vioo vya kompyuta walizaa watoto wenye kasoro. Wafanya kazi wakaogopa katika nchi nyingi, na walikuwa na haki ya kuuliza. Basi ikapimwa. Katika utafiti uliotangazwa Marekani mwaka wa 1991, wanawake wa kazi za simu waliotumia vioo walilinganishwa na wenzao waliofanya kazi kama ile bila vioo, na mawimbi ya mahali pao pa kazi yakapimwa pia. Waliotumia vioo hawakuonekana kuharibikiwa mimba zaidi ya wenzao.

Lakini tazameni walivyofanya wafanya kazi wa Uswidi. Hawakungoja ubishi uishe. Mwaka wa 1990 nchi yao ilitoa kipimo kiitwacho MPR II: kioo cha kompyuta, ukipima sentimita 50 mbali nacho, kisizidi robo ya mikrotesla ya nguvu ya sumaku katika mapigo ya chini. Na mwaka wa 1992 shirikisho la vyama vya wafanya kazi, liitwalo TCO, lilitoa alama yake yenyewe ya vioo, TCO'92, yenye masharti makali kuliko hayo. Mwenye kiwanda aliyetaka alama hiyo alilazimika kuyatimiza. Ndugu zangu, hicho kilikuwa chama cha wafanya kazi kama chetu. Hakikuthibitisha kwamba vioo vinaua. Kilipima, kikaona kelele yaweza kupunguzwa, kikadai ipunguzwe, na alama yake ikajulikana dunia nzima.

Ili mjue ukubwa wa mambo: tume ya kimataifa iitwayo ICNIRP iliweka kikomo mwaka wa 2010, kwa stima ya mapigo 50 kwa sekunde kama yetu, mikrotesla 200 kwa watu wote na 1,000 kwa wafanya kazi. Robo ya mikrotesla ya Uswidi ni ndogo mara 800 kuliko hiyo 200. Tena vile vioo vikubwa vya chupa vimekwisha kuondoka katika ofisi nyingi, na hivi vyembamba havina zile koili kubwa za sumaku zilizokuwamo katika vile vya kale.

Kwa hiyo karani mwenye mimba asikimbie kazi kwa ajili ya mawimbi ya kompyuta. Akilalamika juu ya macho, shingo, mgongo na kiti kibovu, hapo ana neno la kweli, na chama kimsimamie. Lakini mtu mwenye mashine ndogo ya moyo iliyowekwa kifuani amwulize daktari wake, na simu yake ya mkononi aiweke angalau sentimita 15 mbali na kifua.

HAPA EKERENYO

Jana jioni nilikwenda na ile redio ya mzee kwenye duka moja la kupiga chapa hapa sokoni. Mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba tangu anunue kompyuta hapati tena matangazo vizuri, na karibu angeirudisha kwa aliyemwuzia. Tulizima kila kitu. Redio ikatulia. Tukawasha kompyuta peke yake. Mngurumo ukaja, lakini ulikuwa mdogo, na mita mbili mbali ukaisha. Tukazima kompyuta, tukawasha taa ile nyeupe ya darini iliyonunuliwa kwa bei ya chini. Ndugu zangu, redio ilipiga yowe! Taa ilikuwa na kelele kuliko kompyuta. Aliwasha taa na kompyuta pamoja kila jioni, kwa hiyo kompyuta ikabeba lawama ya taa. Kidogo aingie katika ugomvi na jirani yake bure.

Kijana mmoja pale alitoa simu yake akasema, "Mimi nina programu ya kupima mawimbi." Programu nyingi za namna hiyo husoma sumaku tu, ile inayotumika kwa dira. Hata ukisimama katikati ya shamba la majani chai itakuonyesha mikrotesla kama 33 hivi, nayo ni sumaku ya dunia yenyewe. Ukiisogeza karibu na spika au chuma tarakimu zitaruka, watu wataogopa, na hujapima kelele ya kompyuta hata kidogo. Afadhali redio kuukuu. Mwenye kutaka zaidi, viko vipokezi vidogo vya bei nafuu vinavyochomekwa kwenye kompyuta, navyo huonyesha mawimbi kwa picha. Vijana wetu wa shule wangeweza kujifunza. Lakini hata hivyo ni vya kulinganisha tu. Si mahali pa vyombo vya mtaalamu vilivyosahihishwa.

MAMBO YA KUFANYA

Nisiwachoshe. Naomba mkutano huu ushike mambo matano.

1. Kompyuta, printa au taa mpya inapoletwa mahali pa kazi penye simu ya upepo au chombo cha hospitali, pima siku ile ile, kabla na baada. Usingoje barua.

2. Waya za eriali zisifungwe pamoja na waya za stima au za chaja. Zikilazimika kukutana, zipitane kama njia panda, zisilale sambamba.

3. Chaja ikifa, idaiwe yenye alama na cheti chake. Fedha iliyookolewa kwa chaja rahisi hulipwa na mfanya kazi kwa jasho lake.

4. Kila tawi liwe na daftari moja la vipimo: tarehe, saa, mahali, kilichowashwa, kilichozimwa, kilichosikika, na majina ya mashahidi wawili.

5. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yasema mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Ulizeni kamati yenu iko wapi. Kama ipo, mpelekeeni daftari. Kama haipo, hiyo ndiyo kazi yenu ya kwanza.

Jambo la mwisho, msifanye vipimo kwa kufungua mashine. Volti 240 haina masihara, na ndani ya chaja umeme hukaa hata baada ya kung'olewa ukutani. Kazi yetu ni kusikiliza, kupima umbali na kuandika. Kufungua ni kazi ya fundi.

Mwenzetu wa ile stesheni bado yuko kazini. Kila aingiapo zamu, kabla hajavua koti, huwasha kompyuta, kisha humwita mwenzake wa stesheni ya jirani na kumwambia, "Nisomee tarakimu kumi." Huziandika, hutia tarehe na saa, ndipo huketi. Nilimwuliza kama hachoki. Akanijibu kwamba kuandika tarakimu kumi humchukua dakika moja, na kuitoa barua moja kulimchukua miezi minne.